Kikosi Kinachoanzia Namba Mbili

Mashabiki wa timu ile walikuwa na kikosi chao cha kusoma, na kilianzia namba mbili. Kilikuwa kikosi cha fainali, fainali pekee ambayo timu iliwahi kuifikia tangu iundwe, na wala hawakuishinda. Walifungwa bao moja dakika ya themanini na nane, wakarudi nyumbani mikono mitupu. Lakini watu wakikosa cha kujivunia hujivunia hata walichokikosa. Kwa miaka ishirini na miwili kila mkutano wa wanachama ulifunguliwa kwa watu wote kusimama na kukisoma kikosi kile kama dua. Msomaji aliita, "Namba moja!" na ukumbi mzima ukakohoa, kikohozi kimoja, kikavu, kwa pamoja. Halafu akaita, "Namba mbili!" na hapo ndipo majina yalipoanza.

Mwanachama mpya alifundishwa kukohoa kabla hajaonyeshwa choo kilipo.

Namba moja mwenyewe alikuwa hai na mzima wa afya, na mara nyingi alikuwa mle mle ukumbini, amesimama karibu na mlango. Watu waliokuwa wakimwita kwa jina alilopewa na wazazi wake walikwisha kufa au kuhama. Waliobaki walimwita Tobo, kwa kuwa bao lile lilipita katikati ya miguu yake, na kila mtu aliliona kwa macho yake, hata wale ambao siku hiyo walikuwa hawajazaliwa. Alipoacha kudaka hakuwa na ufundi mwingine. Akaomba kazi ya kutunza uwanja, akapewa, maana viongozi wa wakati ule waliona ni kichekesho kizuri.

Alikata nyasi, alichora mistari kwa chokaa, na alishona nyavu za magoli. Waliompita akiwa na sindano ya nyavu mkononi hawakuweza kujizuia. "Mzee Tobo, ukimaliza hapo ushone na miguu!" Naye alicheka pamoja nao. Aliamini kwamba anayecheka na wanaomcheka huumia nusu. Alijidanganya, aliumia yote.

Mkewe alikuwa na chumba chini ya jukwaa, ubavuni mwa lango kuu, ambamo alishona bendera, alibandika namba kwenye jezi na kupunguza suruali za watu waliokonda. Cherehani yake ndiyo iliyowalea watoto wao ile miezi ambayo klabu ilisahau kuwa ina wafanyakazi. Na mke huyo ndiye binadamu pekee aliyeambiwa ukweli wa lile bao. Shuti lilikuwa linakwenda kulia, kipa akaanza kulifuata, likagusa kisigino cha namba tano, likageuza njia na kupita pale pale alipopaacha wazi, katikati ya miguu yake.

Namba tano alikuwa beki wa kati, pande la mtu, waliyemwita Ukuta. Sasa alikuwa kinyozi mwenye kibanda mkabala na uwanja, na mwenyekiti wa mashabiki. Ndiye aliyekuwa akisoma kikosi. Ndiye aliyeita "Namba moja!" kila mkutano, na kikohozi chake kilisikika kuliko vya wengine wote.

"Sasa kwa nini hukusema?" mkewe alimwuliza zamani, watoto wakiwa bado wadogo.

"Ningesema kwa nani, mama watoto? Kipa aliyefungwa akimtupia beki lawama, hata mama yake mzazi humcheka."

Basi akanyamaza, na ukimya ukimkaa mtu sana huota mizizi. Alichokitaka duniani kilikuwa kidogo mno, hata aibu kukitaja: kwamba siku moja, kabla hajafa, msomaji aite namba moja na badala ya kikohozi litoke jina lake.

Ndipo timu ikanunuliwa.

Aliyeinunua alikuwa tajiri wa magodoro. Hakuna nyumba mjini ambayo haikuwa imelalia bidhaa yake, lakini hakuna aliyewahi kumwona jukwaani. Kwa wiki tatu kibanda cha Ukuta hakikuwa na habari nyingine. Watu walikuja kunyoa hata waliokuwa na vipara.

"Mtu wa magodoro anajua nini kuhusu mpira?"

"Anajua kulala. Na sisi tunavyolala kwenye ligi, tutaelewana naye sana."

"Nasikia aliuliza kwa nini kipa havai jezi kama wenzake."

"Huyo hana shida na timu, jamani," alisema dereva mmoja wa lori, povu likiwa shavuni. "Ana shida na kiwanja. Hebu tazameni tulipokaa. Soko hapa, barabara kuu hapa. Mwenye bidhaa akipaona mahali kama hapa anaona ghala. Mtakuja kuniambia, tutapiga kona juu ya magodoro."

Walicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Wasiwasi ulikuwa wa kweli, na kwa mara moja katika maisha yao walikuwa wanawaza sawasawa. Wangeendelea kuwaza hivyo hivyo wangeokoka.

Ukuta alifuta wembe. "Jumamosi alasiri anakuja ukumbini. Atajibu maswali yote. Lakini mimi kipimo changu ni kimoja. Nitamsimamisha asome kikosi. Akikisoma bila kukosea, huyo ni mwenzetu. Akibabaika, arudi kwenye pamba zake."

"Hapo umenena, mwenyekiti!"

Wote wakakubali. Hakuna aliyesema waombe kuuona mkataba. Hakuna aliyeuliza hati ya kiwanja iko kwa nani. Walikuwa wamemshuku mtu kwa wiki tatu, nao wakaamua kumpima kwa majina kumi.

Jumatano asubuhi Tobo alikuwa amepiga magoti anachora eneo la penalti pale gari lilipoingia. Akashuka tajiri mwenyewe, mtu wa makamo, mwembamba kuliko alivyodhaniwa, na nyuma yake mpima ardhi aliyebeba vigingi kwapani. Tajiri akaja moja kwa moja, akaushika mkono wa Tobo na chokaa yake.

"Shikamoo, kipa."

Tobo aligeuka nyuma kuona kama kuna kipa mwingine. Hakuna aliyemwita kipa tangu nywele zake zikiwa nyeusi. "Marahaba," alisema hatimaye.

"Siku ile mimi nilikuwa nyuma ya goli lako. Kijana wa miaka ishirini, nimepanda juu ya pipa. Niliona."

"Kila mtu aliona, mwanangu."

"Hapana, mzee wangu. Wao waliona mpira ukiingia. Mimi nilikiona kisigino."

Tobo alikaa juu ya ndoo ya chokaa. Alilia. Hakuona haya. Kama ungebeba mzigo wa wenyewe kwa miaka ishirini na miwili, halafu mtu akautaja kwa jina, nawe ungelia. Tajiri alisimama akamsubiri kwa adabu, hata akampa kitambaa.

"Nimesikia Jumamosi watanisomesha kikosi," alisema. "Mimi nitaanzia namba moja. Nitalitaja jina lako lote, na kisigino nitakieleza mbele ya mwenye kisigino. Jina lako kamili ni nani? Nisije nikakosea."

Tobo alimtajia, la kwake, la baba na la babu. Tajiri aliliandika kwenye simu, akamsomea tena kuhakikisha.

"Sasa nikuombe kitu kidogo. Mshikie mpima wangu ncha ya tepu, yuko peke yake."

Akashika. Walipima kutoka lango kuu mpaka goli la kusini, wakapima upana, wakarudi chini ya jukwaa. Mpima aligongelea vigingi na kuandika. Alikuwa mtu wa kusema peke yake akifanya kazi. "Ghala la kwanza linaishia hapa," alinong'ona. "La pili linaanzia kwenye ngazi."

"Ghala?" Tobo aliuliza.

Mpima alimtazama tajiri. Tajiri alitabasamu. "Hayo ni ya mbele, mzee wangu. Timu tutaitafutia mahali pazuri zaidi, nje ya mji. Kwa sasa tusiwachanganye watu. Tuvuke Jumamosi kwanza, wewe na mimi."

Kipimo cha mwisho kilipita mlangoni mwa chumba cha cherehani. Mkewe alikuwa amekwenda kununua uzi. Tepu ilikuwa inateleza, na Tobo akaikanyaga kwa kiatu pale kizingitini ili isisogee.

Asije mtu akamtetea kwamba hakuelewa. Alielewa vizuri sana. Kusikia alisikia, na hesabu aliipiga pale pale: uwanja upande huu, jina lake upande ule. Akachagua jina.

Jioni alimweleza mkewe habari ya kisigino na ya Jumamosi. Habari ya ghala aliimeza. Mkewe alifurahi, kisha akaanza kukunja bendera.

"Lakini angalia, baba watoto. Mtu aliyekuja kununua hagawi bure."

"Huyu ni tofauti. Alikuwepo."

"Haya. Nitakupigia pasi lile koti."

Kesho yake alikwenda kunyoa, kwa kuwa jina zuri halitajwi juu ya kichwa kilichochakaa. Kibandani walikuwa wanazozana kama kawaida, na dereva wa lori akamgeukia. "Mzee Tobo, wewe unashinda kule. Vile vigingi uwanjani ni vya nini?"

Kwenye kioo Tobo aliyaona macho yote yakimgeukia, na ya Ukuta yakiwa juu ya yote, wembe umesimama.

"Vya mabomba," alisema. "Anataka nyasi zimwagiliwe. Msimwonee bure, ni mtu wa mpira yule. Mimi namjua."

"Heh! Tobo kapata mchumba!" Wakacheka, na dereva akasema basi, kama ni mabomba si neno. Ndivyo wasiwasi wao wa kweli ulivyopunguzwa makali, na aliyeupunguza ni yeye.

Jumamosi ukumbi ulijaa hadi madirishani. Tobo alisimama mahali pake karibu na mlango, koti limenyooka, mkewe ubavuni amevaa vizuri. Tajiri alikaa mbele peke yake mezani. Maswali hayakuwa na huruma.

"Kiwanja chetu unataka kukifanyia nini?"

"Ndugu zangu, mtu hununua ng'ombe kwa ajili ya zizi?" tajiri alijibu.

"Jibu swali! Kiwanja kinabaki au hakibaki?"

"Timu itabaki nyumbani kwake."

"Nyumbani ni wapi?"

Watu walianza kugonga viti. Mama mmoja wa makamo alipanda juu ya benchi akisema hajaridhika na haondoki mpaka aone karatasi. Jasho lilimtoka tajiri shingoni. Sekunde chache zaidi na angefunuliwa, lakini Ukuta aliinua mkono, na wote wakanyamaza, maana kipimo chenyewe kilikuwa kimefika.

"Simameni," Ukuta alisema. "Leo nitaita, na mgeni wetu ataitikia peke yake."

Viti vilisogea. Tajiri alisimama akafunga kifungo cha koti. Tobo alihisi mkono wa mkewe ukimshika kiganja.

"Namba moja!"

Tajiri alimtafuta Tobo kwa macho, akampata. Tobo aliona midomo ikifunguka, na kwa kitambo hicho alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote mle ndani. Kisha macho ya tajiri yalihama. Yalipita juu ya zile nyuso mia nne, safu kwa safu. Mfanyabiashara humjua mteja usoni, na huyu aliona walichokuja kununua. Akapeleka ngumi mdomoni, akakohoa.

Dari nusura liruke. Watu walirusha kofia, walikumbatiana, mama wa juu ya benchi alipiga vigelegele. Tajiri alikisoma kikosi kuanzia mbili hadi kumi na moja bila kukosea, akaongeza na wa akiba, na alipofika namba tano alimpigia Ukuta saluti. Wakambeba juu juu. Akiwa mabegani mwao alipaza sauti:

"Siku ile mimi nilikuwa nyuma ya goli! Ningejua, ningemwazima godoro aweke katikati ya miguu!"

Walicheka mpaka machozi. Dereva wa lori alicheka hadi akashikilia ukuta. Wale waliokuwa wakidai karatasi ndio walioshindwa kabisa kusimama wima.

Tobo hakujua sauti ilimtoka vipi. "Anajenga maghala!" alipiga kelele. "Amepima uwanja wote! Hakuna timu hapa, ni maghala mawili! Mimi mwenyewe nilishika tepu!"

Kicheko kilikatika. Walimgeukia. Tajiri, kule juu, alifungua mikono kama mtu asiyeelewa.

"Si ulituambia ni mabomba?" dereva aliuliza.

"Niliwadanganya."

"Uliwadanganya wenzako juzi, leo ndio msema kweli? Sababu umekoholewa?"

"Nisikilizeni, jamani, kwa jina la—"

Wakamkoholea. Ukumbi mzima, safari hii bila kuitwa namba, tena na tena, mpaka neno lake halikusikika. Vijana wawili wa ulinzi walimshika makwapani na kumtoa nje, hadi varandani. Walimtoa kwa upole, wakimwambia mzee pumzika, na huo upole ndio uliomchoma zaidi.

Mlango ukafunguliwa, akatoka Ukuta. Alisimama hatua mbili kutoka kwake, anahema.

"Ya tepu ni kweli?"

"Kweli. Lango kuu mpaka goli la kusini."

Ukuta alitikisa kichwa polepole kukubali. Aliamini. Alikuwa na sababu ya kuamini ambayo mtu mwingine yeyote mle ndani hakuwa nayo: alijua kwamba huyu mzee hawezi kumsingizia mtu, angekuwa mwenye tabia hiyo angekwisha kumtupia lawama yeye, tena kwa haki.

"Rudi ukawaambie," Tobo alisema. "Wewe watakusikiliza."

"Wataniuliza kwa nini nakuamini wewe, mtu mwongo."

"Wajibu."

Ndani watu walikuwa wanalitaja jina la tajiri kwa kupiga makofi.

"Kiliniuma wiki mbili," Ukuta alisema kwa sauti ndogo. "Kile kisigino. Nilimwambia mke wangu nimeteguka mazoezini."

Tobo alilisikia neno alilolingoja maisha yake yote. Likamfikia varandani, bila shahidi aliyemwona, kutoka kwa mtu ambaye mkono wake ulikuwa tayari kwenye kitasa.

"Basi sema moja kati ya hayo mawili," alimwomba. "La kisigino liache. Sema la uwanja tu."

"Nitaangalia namna," Ukuta alisema, akaingia ndani.

Makofi yalikoma. Tobo alisogea mlangoni, akatega sikio. Alisikia mwenyekiti akikohoa kusafisha koo, akasikia watu wakisema kimya, kimya, mwenyekiti anaongea. Kisha Ukuta akaanzisha wimbo wa timu, ubeti wa kwanza peke yake, kwa sauti kubwa nzuri, na ukumbi ukaupokea.

Alipogeuka, mkewe alikuwa nyuma yake. Alikuwa ametoka kwa mlango wa pembeni, na alikuwa amesikia yote.

"Ulijua tangu Jumatano," alisema.

"Mama watoto—"

"Na chumba changu kimo kwenye hivyo vipimo?"

"Kimo."

"Tepu ilipopita mlangoni pangu, wewe ulikuwa wapi?"

Angeweza kudanganya tena. Alikuwa amechoka. "Niliikanyaga isisogee."

Mkewe alivuka uwanja akaenda chumbani kwake, Tobo nyuma yake. Alifungua skrubu za cherehani moja moja, akainua kichwa chake cha chuma akakifunga ndani ya bendera ambayo haijaisha, akakitia kwenye kapu. Halafu akaanza kuivuta meza yake, ile ya miguu ya chuma ambayo siku zote ilihitaji watu wawili. Tobo aliinama akashika upande wa pili.

"Acha," alimwambia, bila kumtazama. "Wewe mtu akikuita jina utaiangusha."

Tobo aliachia. Mkewe aliivuta peke yake mpaka nje, miguu ya chuma ikikwaruza saruji, akapumzika langoni, akaivuta tena.

Watu walikuwa wameanza kutoka ukumbini wakiimba, na dereva wa lori, alipomwona mwanamke anahangaika, alikimbia kumsaidia.